Kipande cha Hatua Tatu

11 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelazwa. Jirani yako mwenye duka alimpigia baba mdogo akamwambia umetoka hospitali na umeshaanza kugombana na watu kule kitaluni, tukajua umepona. Pole sana. Moyo si kitu cha kuchezea, na wewe unauchezea kwa kubeba ndoo za mchanga kama msichana.

Huku hatujambo. Baba mdogo goti linamsumbua lakini hasemi. Mimi bado niko duka la miwani, nasaga vioo kutwa, nikirudi nyumbani vumbi la vioo liko hadi kwenye nyusi. Juzi alikuja mzee mmoja akajaribu miwani sita, zote hazimfai. Ya saba akasema hiyo ndiyo, sasa anaona vizuri kabisa. Ilikuwa fremu tupu, nilikuwa sijaitia vioo.

Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima na zaidi. Mambo yalikuwa mengi.

Nina shida ambayo ni ya kwako wewe hasa. Kuna kipande cha ardhi nataka kukipanda. Ni kidogo, hatua tatu kwa moja na nusu. Kiko nje ya mji, mahali palipokuwa na machimbo ya kokoto zamani. Udongo ni mwekundu, umeshindiliwa, ukiupiga jembe linaruka. Hakuna bomba. Jua linawaka pale tangu asubuhi hadi linapozama, na hakuna ukuta wa kuzuia upepo. Mbuzi nao wanapita. Mimi nafika Jumapili tu, na dumu moja la maji. Nimepanda waridi mara mbili, na mara zote mbili limekauka kabla ya Jumapili ya tatu.

Nataka kitu ambacho hakitakufa, shangazi. Niambie nipande nini.

Ni mimi mwanao,
Kidomo


29 Januari

Kidomo,

Marahaba, mwanangu. Mimi nipo. Nimeambiwa nisipande ngazi, nisibebe kitu, nisikasirike. Nikamuuliza daktari kama kupumua nimeruhusiwa. Alinijibu, lakini sikusikia, maana masikio haya sasa ni ya kuning'inizia hereni tu. Kwa hiyo msijisumbue na simu, utapiga kelele mpaka mtaa wako wote ujue habari zangu. Andika kama ulivyoandika.

Kaka hajambo? Umemtaja mdogo wangu na goti lake, umemtaja na mzee wa fremu tupu, baba yako hukumtaja. Mwambie huyo fundi mageti kwamba nina neno naye na nitamwandikia mwenyewe.

Sasa twende kwenye waridi. Miaka thelathini na moja nimefanya kazi kwenye kitalu cha miche, halafu mtoto niliyemlea kwenye mifuko ya mbolea anachukua waridi na kulipeleka kwenye kokoto! Waridi ni mgeni anayetaka kitanda na maji ya moto. Mahali pagumu panataka mwenyeji.

Fanya hivi. Chimba shimo la kina cha kutoka vidole hadi kiwiko. Lijaze maji, kaa uangalie yanachukua muda gani kunywewa. Halafu zunguka eneo lote, usitazame bustani za watu, tazama kando ya njia, kwenye nyufa, kwenye kifusi. Kila kinachoota chenyewe, ambacho hakuna aliyekipanda wala kukimwagilia, kichume jani moja. Libane ndani ya gazeti uniletee kwenye barua. Mmea uliokwisha kuzaliwa katika shida hiyo ndio wako.

Na mimi nina swali. Ni bustani gani hiyo unayoitembelea Jumapili tu, kama mgonjwa?

Shangazi yako


16 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na mbili, dereva wa basi aliisahau chini ya kiti. Baba mdogo anakusalimu, na wanawe wanakusalimu. Nimekuwekea kwenye bahasha kitambaa cha kufutia miwani, najua wewe unatumia kanga.

Nilichimba shimo. Nilitumia mtarimbo, jembe lilinishinda. Maji niliyomwaga saa tatu asubuhi yalikuwa bado yamo saa tano na nusu. Mlinzi wa pale alinikuta nimechuchumaa nalitazama shimo akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nimetumwa na shangazi yangu. Akasema, "Basi mwambie maji hapa hayana pa kwenda, hata mvua ikinyesha yanakaa juu kama kwenye sinia."

Majani uliyotaka haya hapa. Lile nene lenye miiba pembeni ni shubiri, imejaa kwenye mteremko, nyekundu kwa sababu ya jua. La pili ni kijiti cha kivumbasha, ukikisugua kinanuka hadi puani. Nyasi ni ukoka wa kawaida. La nne silijui, kichaka kifupi chenye majani ya kijivu yenye manyoya na maua madogo ya zambarau. Kimeota kwenye kokoto tupu ambapo hata ukoka umekataa. Kwenye uzio kuna mnyaa, lakini jani sikuleta, utomvu wake unaochoma macho naujua.

Mahali penyewe ni bustani ndogo tu. Siku nyingine niko kazini.

Tafadhali niambie kipi nianze nacho. Nataka kiwahi mvua.

Mwanao,
Kidomo


5 Machi

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Kitambaa nimekipata, sasa naona vumbi la nyumba yangu yote, ahsante kwa kunipa kazi.

Shimo lako limenieleza. Maji yanakaa, halafu jua likija udongo unakuwa tofali. Mizizi huzama kwanza, kisha hukaushwa. Kwa hiyo usipande ndani ya ardhi hiyo, panda juu yake. Inua tuta la shibiri mbili, uchanganye udongo wake huohuo na kokoto. Usitie samadi, ukiulisha mmea wa shida utatoa majani mengi laini, na siku moja ya jua itayachoma yote.

Shubiri chukua machipukizi madogo kama kidole gumba, kutoka mteremko wenyewe, usinunue kokote. Yaache kivulini siku tano kidonda kikauke ndipo uyapande. Kivumbasha kata vijiti asubuhi mapema kabla ya joto, weka kwenye mchanga wenye unyevu. Hicho cha majani ya kijivu nakijua sana. Kitaluni tulikiita Mkaidi, kwa sababu tulikitia kwenye chungu kizuri na kikafa. Hakitaki kuhamishwa kikiwa kikubwa. Kusanya mbegu zake zikikauka, uzitawanye zikiwa nyingi, ziote zenyewe zitakapo. Mnyaa usiuguse. Kisha tandaza mawe juu ya tuta, yatatunza unyevu na kuwachosha mbuzi. Kila Jumapili mwaga maji mengi mahali pamoja, si kunyunyiza kote kama unafukuza vumbi.

Hayo ndiyo ya mimea.

Kidomo, nusu ya watu waliokuja kitaluni wakitaka mmea usiokufa walikuwa wanatoka makaburini. Nilijifunza kuwatambua kabla hawajasema. Hawaulizi maua yana rangi gani. Wanakuja wakiwa na vipimo, na vipimo vyao siku zote ni vilevile.

Hatua tatu kwa moja na nusu. Jumapili. Mlinzi. Na mara mbili sasa umeniletea salamu za kila mtu isipokuwa mmoja.

Ni kaka yangu?

Usiniandikie mengi. Niandikie tarehe.

Shangazi


12 Aprili

Shangazi,

Tarehe kumi na nne Desemba. Alhamisi, saa nne asubuhi.

Barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi. Nimeanza kukujibu mara nyingi, nikifika kwenye "shikamoo" mkono unakataa. Jirani yako aliniambia unatembea, unakula, ndiyo maana leo nimepata nguvu.

Ulikuwa umelazwa. Daktari wako alimwambia baba mdogo kwamba mshtuko wowote unaweza kukuondoa. Baba mdogo akatukusanya sebuleni akasema, "Dada haambiwi mpaka apone. Siwezi kuzika wawili mwezi mmoja." Nami nikakubali. Halafu ukapona, na kila mtu akamtazama mwenzake aone nani atasema. Mimi nilidhani nikikuandikia kuhusu mimea nitapata pa kuingilia. Nilipoandika "huku hatujambo" niliacha kalamu nikaenda kunawa uso.

Nimeinua tuta kama ulivyosema. Mvua imeanza. Nimepanda machipukizi tisa ya shubiri na vijiti saba vya kivumbasha, na mbegu za Mkaidi nimezitawanya kiganja kizima. Mawe nimeyapanga mwenyewe.

Nisamehe.

Kidomo


3 Mei

Kidomo,

Nimesoma tarehe, nikaikunja barua, nikaenda kukaa kitaluni kwenye banda la miche hadi wakafunga. Walidhani nimekuja kukagua kazi. Wakawa wanamwagilia kwa bidii sana, wamezamisha miche mizuri kabisa.

Nimekasirika. Nilikatazwa kukasirika na nimekasirika. Mlikaa sebuleni mkaujadili moyo wangu kama gari bovu. Mimi nimemzika mume, nimemzika mtoto wa miezi minne, na hakuna moyo uliosimama. Huyo mdogo wangu mwambie sitamwandikia mwaka huu. Kaka alinibeba mgongoni kuvuka maji nikienda shule, na alipokuwa anashushwa ardhini mimi nilikuwa nalalamika kwamba uji wa hospitali hauna sukari. Hilo mmenifanyia ninyi. Sikuwepo, na siwezi kuwepo tena.

Haya. Nimesema.

Sasa nikwambie langu, maana nisipokwambia nitakuwa kama ninyi. Mwezi wa Novemba, kabla sijaugua, kaka aliniandikia. Aliniambia nimezeeka, niache kujifanya kijana, nihame hapa niende kukaa kwake, ameshaanza kunitengenezea chumba. Mimi neno "umezeeka" ndilo nililoliona, mengine sikuyaona. Nikaiweka barua chini ya godoro nikasema nitamjibu hasira ikiisha. Nilimwacha asubiri, kwa makusudi. Nilitaka ajue nimenuna. Halafu moyo ukaniangusha, na nilipotoka hospitali bado nilikuwa natafuta maneno makali ya kumjibu. Nilikuwa namtafutia maneno makali mtu aliyekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo usiniombe msamaha peke yako.

Umenipa siku na saa. Hukuniambia alikufaje. Niambie. Na niambie kipi kimeshika na kipi kimekufa pale kwenye tuta, bila kunipamba.

Shangazi yako


20 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba mdogo nilimsomea sehemu yake. Alivaa kofia akatoka, aliporudi macho yalikuwa mekundu. Anasema hata usipomwandikia, yeye atakuandikia.

Kuhusu tuta. Shubiri tisa, sita zimeshika. Mbili zilioza, nilizipanda bila kungoja kidonda kikauke, nilikuwa na haraka. Moja iling'olewa na mbuzi ikatemwa palepale. Kivumbasha saba, vitano vimekufa. Mkaidi hajaota hata mmoja.

Hilo la jinsi alivyokufa, kuna sehemu sijamwambia mtu, wala baba mdogo.

Ilikuwa Jumatatu. Baba alikuwa kwa mteja anafunga geti, yeye na fundi mwenzake. Saa nane mchana simu yangu ililia. Nilikuwa kwenye mashine, nakata kioo cha mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu, na kioo ukikiachia katikati kinapasuka. Nikaliona jina lake. Nikasema moyoni nitampigia. Ikalia tena. Nikaigeuza kifudifudi. Ikalia mara ya tatu na mteja akaniambia, "Pokea tu, dada, nitasubiri." Nikamwambia, "Ni baba tu huyo."

Nilisema hivyo, shangazi. Ni baba tu huyo.

Ya nne ilikuwa ya yule fundi mwenzake, kwa simu hiyohiyo. Aliniambia baba alikuwa analalamika mkono umekufa ganzi tangu mchana, akakaa chini ya ukuta akawa anapiga simu, halafu akaanguka upande. Daktari alisema kiharusi. Nilimkuta hospitali macho wazi, mdomo umekwenda upande mmoja. Alinijua. Alinishika kidole kwa mkono uliobaki mzima akawa anajaribu kusema, na hakuna neno lililotoka. Siku tatu alijaribu. Nilimletea karatasi na kalamu, akachora mstari tu, kalamu ikaanguka. Alhamisi asubuhi nilikwenda kumletea maji, niliporudi muuguzi alikuwa amekwisha kumfunika.

Sijui alitaka kuniambia nini. Ningepokea ile ya kwanza, angekuwa bado na ulimi wake.

Na chumba chako alikimaliza. Kiko upande wa jua la asubuhi. Pale kwenye ngazi mbili za kuingilia alichomelea chuma cha kushikia, akakifupisha mara mbili kwa sababu alisema wewe ni mfupi kuliko unavyojidai. Alikipiga msasa wiki nzima kisikukwaruze.

Kidomo


9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma kwa mafungu. Fungu la simu nililisoma asubuhi, fungu la chumba nikaliacha hadi siku ya pili.

Watu watakwambia si kosa lako. Mimi sitakwambia hivyo, kwa sababu hutaniamini, kama mimi nisivyomwamini jirani yangu aliponiambia kwamba kaka alijua nampenda. Alijuaje? Kwa barua iliyo chini ya godoro? Nitakwambia ninachokijua tu. Ulikuwa na kioo mkononi, ulikuwa kazini. Alikuwa baba aliyepiga simu mara nyingi mchana kwa mambo ya bure, nami aliwahi kunipigia kuniuliza koleo lake liko wapi, na mimi niko mkoa mwingine. Siku hiyo halikuwa jambo la bure, na hukuwa na njia ya kulijua. Alitaka kusema nini, sijui. Wewe nawe hujui. Tutakaa hivyo, wewe huko na mimi huku, bila kujua. Nimetafuta neno zuri zaidi ya hilo na sikulipata.

Chumba siwezi kuja. Usikasirike. Nimejiona nikishika hicho chuma alichokifupisha, na yeye hayupo ndani wa kunicheka. Labda mwaka kesho. Labda sitaweza kabisa. Kipe mtu wa kulala, chumba kisikae kitupu kikaanza kunuka panya.

Mimea. Sita kati ya tisa, kwenye ardhi kama hiyo, ni kazi nzuri, na mimi si mtu wa kusifia. Vijiti vya kivumbasha kata vingine, ukate vyenye vifundo vitatu, safari hii uviegemeze upande wenye kivuli wa mawe. Mkaidi mwache. Usichimbe kumtafuta. Anaweza kukaa ardhini msimu mzima akikusikiliza unavyolalamika.

Na Kidomo, ukienda Jumapili usiishie kumwagilia na kuondoka. Kaa kidogo. Ulikuwa mtoto wa maneno mengi wewe, ndiyo maana tukakupa jina hilo. Sasa unaandika barua zenye mashimo.

Shangazi yako


22 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba mdogo amepata barua yako, mistari minne. Anaitembeza mfukoni na kumwonyesha kila mtu, ingawa mistari mitatu kati ya hiyo ni matusi. Chumba nimempa binti mmoja anayejifunza kazi hapa dukani kwetu, nyumbani kwao ni mbali. Siku ya kwanza alipanda zile ngazi bila kushika chuma, na mimi nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Kivumbasha sasa ni vitano. Shubiri moja imekufa tena, bila sababu niliyoiona. Mkaidi bado.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale, nimekaa kama ulivyosema. Alikuja mama mmoja peke yake kwenye kaburi lililo jirani na la baba, bado udongo wake haujashuka. Alikuwa na mche wenye majani mapana, laini, ndani ya kopo, na chupa ndogo ya maji ya kunywa. Alianza kuchimba kwa kijiko cha kupakulia. Nikamtazama kidogo, kisha nikamwambia, "Mama, huo hapa hautakaa." Akanijibu kwa ukali, "Wewe umejuaje?" Nikamwonyesha tuta. Nikamweleza ya maji kukaa kama kwenye sinia, na mawe, na kuzunguka kutafuta kile kilichoota chenyewe. Akasikiliza, kijiko kimeganda mkononi. Mwisho akauliza, "Na huyu wako ni nani?"

Watu wameniuliza hivyo pale mara nyingi. Huwa nasema "ndugu," kisha nageuka kuchukua dumu.

Nikamwambia, "Ni baba yangu. Alifariki mwezi wa Desemba. Alinipigia simu sikupokea."

Hakusema pole. Alikaa chini kwenye kokoto, akaweka kopo pembeni. "Wangu ni binti," akasema. "Leo ni wiki ya pili."

Tukakaa. Baadaye nikamng'olea machipukizi mawili ya shubiri kutoka kwenye tuta la baba, nikamwambia ayaache kivulini siku tano, kidonda kikauke. Akasema hawezi kungoja siku tano, anataka leo kuwe na kitu hapo. Sikumkatalia. Tukainua tuta lake pamoja, kwa zamu, maana jembe lilikuwa moja.

Ni mimi mwanao,
Kidomo